Muuzaji wa Nyumba Akighairi Baada ya Kukubaliana: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Dodoma

Maswali yanayonifikia kuhusu jambo hili yanafanana mno. Mtu amekubaliana bei ya nyumba Nkuhungu, Ilazo au Nzuguni, ametoa kianzio, wameandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kisha simu inaita: "Nimeghairi, njoo uchukue hela yako." Wengi wanaponiuliza wameshafanya mambo mawili. Wamekwenda kugombana, halafu wamepokea sehemu ya fedha bila kuandikishana chochote. Hayo mawili yameua madai ambayo yangeshinda.

Ukweli ambao watu hawaambiwi mapema ni huu: njia ya kuipata nyumba na njia ya kurudishiwa fedha ni njia mbili tofauti, na unachofanya siku za mwanzo kinaweza kukufungia mojawapo. Fuata hatua kwa mpangilio huu. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara.

## Vitu vya kuandaa kabla hujamjibu muuzaji

- Mkataba wa mauziano, nakala halisi. Piga picha kila ukurasa, pamoja na mgongo wa karatasi kama kuna maandishi.
- Ushahidi wa kila shilingi uliyotoa. Slipu za benki, risiti, meseji za miamala. Kama ulilipa kwa simu, nenda kwa kampuni ya simu uombe taarifa ya miamala yenye muhuri. Simu huibiwa na meseji hufutika.
- Mazungumzo ya WhatsApp na meseji za kawaida. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii upokelewe. Usifute hata ujumbe unaokuaibisha, na usiishie kwenye skrinishoti; itunze simu yenyewe.
- Majina na namba za mashahidi: mwenyekiti, dalali, ndugu waliokuwepo siku ya kusaini.
- Nakala ya hati, ofa (barua ya kupewa kiwanja) au leseni ya makazi, yenye namba ya kiwanja na kitalu.
- Ushahidi kwamba salio unalo. Taarifa ya akaunti, au barua ya benki kwamba mkopo umeidhinishwa. Hiki watu wengi hukisahau, na ndicho kitakachoulizwa mapema barazani, yaani mbele ya baraza la ardhi linaloamua migogoro hii.
- Daftari moja. Kila simu, tarehe, saa na maneno yaliyosemwa.

## Hatua ya 1: Mjibu kwa maandishi, kwa heshima

Kama amekuambia kwa simu au kwa kupitia dalali, usimjibu kwa mdomo. Mwandikie ujumbe mfupi kama huu:

> Shikamoo mzee. Nimekusikia leo uliponiambia hutaki tena kuendelea na mauziano ya nyumba ya Nkuhungu tuliyoandikishana tarehe 4 Machi kwa shilingi milioni 85, na kwamba milioni 30 nilizokulipa utanirudishia. Mimi bado nainunua, na salio la milioni 55 ninalo tayari. Naomba unieleze sababu ili tuzungumze.

Ujumbe huo una nyumba, tarehe, bei, kiasi kilicholipwa na utayari wako. Akijibu "ni kweli kijana wangu, lakini mambo yamebadilika", amekiri yote kwa mstari mmoja. Shahidi wa pembeni hawezi kukupa ushahidi wa namna hiyo.

Onyo. Usitukane wala kutishia, kwa sababu ujumbe huo nao utasomwa barazani. Usiende na vijana kubadilisha kufuli. Usianze na polisi pia. Kughairi mkataba ni madai, na polisi si wakusanya madeni. Jambo linageuka kuwa jinai pale unapoona udanganyifu tangu mwanzo: amekuuzia nyumba isiyo yake, au ameiuza kwa watu wawili na kula fedha za wote. Hapo nenda, kwa sababu kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu.

Utajua umefanikiwa ukiwa na jibu lake la maandishi, au angalau alama mbili za bluu na tarehe.

## Hatua ya 2: Usome mkataba wako kama atakavyousoma mgeni

Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinataka mkataba wa kuuza haki ya ardhi uwe wa maandishi, au masharti yake yawe kwenye maandishi, na yule unayetaka kumbana awe amesaini. Hakisemi lazima uchapwe kwenye kompyuta.

Mkataba wa kawaida wa mitaani kwetu unafanana hivi. Karatasi ya kaunta buku, kalamu moja ya bluu. Majina ya pande mbili. "Nyumba iliyopo Nkuhungu karibu na kanisa." Bei kwa tarakimu bila maneno. Muhuri wa serikali ya mtaa umegongwa juu ya saini ya shahidi hadi haisomeki. Mstari wa mwisho unasema: "Zilizobaki atamalizia akipata."

Karatasi hiyo si ya kutupa. Ina pande mbili, mali, bei na saini. Ina majeraha mawili, hata hivyo. La kwanza ni "karibu na kanisa": nyumba ngapi ziko karibu na kanisa? Dawa yake ni namba ya kiwanja, picha, au shahidi aliyewatembeza kwenye mipaka. Jeraha la pili ni "akipata", na hili ndilo baya zaidi, kwa sababu muuzaji atasema, "Nilimsubiri, hakumalizia, nikaamua kuuza." Pasipo na tarehe, Sheria ya Mikataba inachukulia muda unaofaa kulingana na mazingira, na huo utabishaniwa. Dawa yake ni kusema leo, kwa maandishi, kwamba salio lipo na unataka kulilipa siku fulani. Ndiyo maana ujumbe wa hatua ya 1 umebeba sentensi hiyo.

Angalia na haya:

Saini ni ya mmiliki mwenyewe au ya kaka yake? Kama ni ya kaka, yuko na hati ya uwakilishi?

Kuna kifungu cha kughairi? Mikataba mingi huandika "muuzaji akighairi atarudisha mara mbili". Tutakirudia.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba mlikuwepo na mlisaini. Hauhamishi umiliki, na kutokuwepo kwake peke yake hakuvunji mkataba.

Halafu kuna stempu. Sheria ya Ushuru wa Stempu haitaki hati isiyolipiwa ushuru ipokelewe kama ushahidi. Kama mkataba wako haujalipiwa, nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) ukalipie sasa, hata kama muda umepita na kuna adhabu. Usisubiri wakili wa upande wa pili asimame kuupinga.

Kama mlikubaliana kwa mdomo tu, kusanya meseji na risiti umpelekee wakili aone kama zinatosha kuwa maandishi. Lakini jiandae: njia iliyo wazi kwako ni kurudishiwa fedha.

## Hatua ya 3: Mzuie mnunuzi wa pili

Fanya hii hata kama hujaamua unataka nyumba au fedha. Mtu wa tatu akinunua kwa nia njema, bila kujua habari zako, na jina lake likaingia kwenye daftari la hati, kumtoa ni kazi ngumu sana. Sheria huwalinda wanunuzi wa aina hiyo. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba kila atakayekuja anajua.

Nyumba ikiwa na hati iliyosajiliwa. Nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, kwa Msajili wa Hati. Kwanza omba upekuzi, yaani ukaguzi wa daftari la hati. Utajua jina lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio (pingamizi linaloandikwa kwenye daftari ili nyumba isihamishwe) la mtu mwingine. Kisha weka zuio lako chini ya kifungu cha 78 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi. Utajaza fomu, utaapa kiapo kinachoeleza maslahi yako, utaambatisha mkataba na risiti. Kiapo aandike wakili. Kosa dogo la kiapo linatosha kurudishwa nyumbani.

Muuzaji ataarifiwa, na ana haki ya kwenda Mahakama Kuu kuomba zuio liondolewe. Huko utaulizwa sababu. Kwa hiyo usiweke zuio la kukomoa; liweke kama una mkataba na umelipa.

Nyumba ikiwa na ofa tu, au haina kitu. Andika barua ya pingamizi kwa ofisi ya ardhi ya Jiji, ukitaja namba ya kiwanja na kitalu, uombe iwekwe kwenye jalada. Nakala ipeleke serikali ya mtaa. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, na moja ubaki nayo.

Kuna nyaraka za zamani hapa mjini zenye jina la CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyovunjwa mwaka 2017 na shughuli zake kukabidhiwa halmashauri. Usizidharau, na usiziamini kwa macho tu. Peleka namba ofisi ya ardhi uone jalada linamtaja nani.

Nyumba ikiwa kijijini, tuseme Bahi, Chamwino au Kongwa, kwenye ardhi ya kijiji: uhamisho wa haki ya kimila unahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Kama hakikupatikana, mauziano yako hayajakamilika kisheria. Peleka barua kwa mtendaji wa kijiji kabla mwenzio hajaenda kuombewa kibali.

Utajua umefanikiwa upekuzi mpya ukionyesha zuio lako, au ukiwa na barua iliyogongwa muhuri mkononi.

## Hatua ya 4: Tafuta sababu ya kweli

Hapa ndipo ninapowasihi watu watulie. Sababu anayoitaja muuzaji na sababu ya kweli mara nyingi ni vitu viwili, na kila sababu ina tiba yake.

Amepata bei kubwa zaidi. Tangu Serikali ihamie Dodoma hii imekuwa sababu ya kila siku. Leo mmekubaliana milioni 85, kesho dalali analeta mtu wa milioni 110. Kisheria hii ndiyo sababu dhaifu kuliko zote. Kujutia bei si kosa la mkataba. Ukiwa na maandishi na salio, una nguvu.

Mke au mume amekataa. Hii si kisingizio cha kudharauliwa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi kinakupa wewe mnunuzi wajibu wa kuuliza kama ridhaa ipo. Je, uliuliza? Kuna fomu ya ridhaa iliyosainiwa? Au mkataba unasema muuzaji "hana mke", kumbe anaye? Kama mke hakuridhia na nyumba ni ya familia, usipoteze miaka ukiitaka nyumba. Dai fedha zako na hasara, kwa mwenye kosa, ambaye ni mume aliyesaini. Mama wa watu hakukosea kulinda paa la watoto wake.

Lakini mpime. Kama mama alikuwepo siku ya kusaini na saini yake ipo kwenye safu ya mashahidi, au alipokea fedha kwa simu yake, habari inabadilika. Tafuta hilo kwenye karatasi na miamala.

Nyumba ni ya mirathi. Mtoto mmoja aliuza, wadogo zake wamekuja juu. Swali ni moja: alikuwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Omba barua ya usimamizi. Kama hakuwa nayo, hakuwa na cha kukuuzia, na njia yako ni fedha. Kama alikuwa nayo, ugomvi wa wadogo zake na yeye si lazima uwe mwisho wa mkataba wako, mpelekee wakili.

Kodi. Hii haisemwi waziwazi, lakini inaua mauziano mengi. Muuzaji alidhani milioni 85 zote ni zake. Kisha akaambiwa na TRA kwamba kuna kodi ya ongezeko la mtaji: kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa, kwa mtu asiye na kumbukumbu za gharama zake. Asilimia 3 ya milioni 85 ni shilingi 2,550,000. Mzee anashtuka, anaona aibu kusema, anaghairi. Kama sababu ni hii, ugomvi unaweza kuisha jioni moja. Mwambie mtagawana, au umlipie yote. Ni nafuu kuliko kesi yoyote.

Hati iko benki. Upekuzi utakuonyesha rehani. Benki isipoiachia, hakuna uhamisho. Suluhisho linalofanya kazi ni la pande tatu: sehemu ya salio lako ilipwe moja kwa moja kwenye mkopo, benki iachie hati, uhamisho uendelee. Liandikwe, na benki isaini.

## Hatua ya 5: Amua moja, nyumba au fedha

Kaa na mwenzi wako, na kama inawezekana na wakili, muamue.

Ukitaka nyumba, utaomba amri ya kumlazimisha muuzaji atekeleze mkataba. Amri hiyo hutolewa kwa hiari ya baraza au mahakama, na atakayeipata ni yule aliyetimiza wajibu wake na aliye tayari kumalizia. Maana yake: usipokee hata shilingi mia ya kurudishiwa. Akikutumia kwa simu bila kukuuliza, mwandikie siku hiyohiyo kwamba huikubali na umrudishie, ukitunza ushahidi wa muamala. Fedha za salio zisiguswe. Ukizinunulia gari katikati ya shauri, umejiondoa mwenyewe.

Ukitaka fedha, unadai ulichotoa pamoja na fidia ya hasara. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinatoa fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji wenyewe. Kwa mfano wetu, kama nyumba inayolingana eneo lilelile sasa ni milioni 110, hasara ya bei ni milioni 25, na juu yake unaweka gharama ulizotumia, zenye risiti: wakili, upekuzi, dalali. Bei ya sasa ithibitishwe na mthamini aliyesajiliwa. Maneno ya dalali peke yake hayatoshi.

Na ile "atarudisha mara mbili"? Usiihesabu kama fedha iliyo mfukoni. Kifungu cha 74 kinakupa fidia inayofaa isiyozidi kiasi kilichotajwa. Ukionyesha hasara halisi inayokaribia kiasi hicho, utakipata au utakikaribia. Ukikitaja tu bila hasara, utapunguziwa.

Maoni yangu: kama una maandishi safi, mwenzi wa muuzaji ameridhia, na sababu ni tamaa ya bei, simamia nyumba. Katika hali nyingine nyingi fedha zinazorudi mapema, zote, kwa maandishi, ni bora kuliko nyumba utakayoigombania miaka.

Onyo kubwa. Ukikubali kurudishiwa kwa awamu, andikisheni: jumla, tarehe za kila awamu, na kwamba asipolipa awamu moja deni lote linadaiwa. Usisaini karatasi yenye "sina madai mengine" kabla shilingi ya mwisho haijaingia.

## Hatua ya 6: Notisi ya madai

Barua ya wakili huwa na uzito, lakini hata yako inafaa. Ipe siku 14. Isiwe ndefu:

> YAH: NOTISI YA SIKU 14 KUTEKELEZA MKATABA WA MAUZIANO
> Tarehe 4 Machi uliniuzia nyumba iliyopo Kiwanja Na. …, Kitalu …, Nkuhungu, kwa shilingi 85,000,000. Nilikulipa shilingi 30,000,000 siku hiyo kupitia benki. Tarehe … ulinijulisha kwamba umeghairi. Salio la shilingi 55,000,000 ninalo, na niko tayari kulilipa siku ya kusaini fomu za uhamisho. Nakutaka ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii ufike kusaini. Usipofanya hivyo nitafungua shauri bila kukutaarifu tena, na gharama zitakuwa juu yako.

Anayedai fedha abadilishe sentensi ya ombi tu. Usichanganye "nipe nyumba au nirudishie fedha, vyovyote utakavyo". Utaonekana hujui unachotaka, naye atachagua kilicho rahisi kwake.

Ipelekwe kwa mkono na mtu mwingine, muuzaji asaini kupokea. Akikataa, mpelekaji aandike tarehe, saa na maneno yake, na mjumbe wa mtaa ashuhudie.

## Hatua ya 7: Baraza la Kata

Wengi huruka hapa na mashauri yao hufutwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha. Lakini Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri linalogusa umiliki au maslahi katika ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwa hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita tangu ulipopeleka shauri bila usuluhishi kukamilika, unaweza kuendelea bila hati hiyo.

Kwa hiyo tunza karatasi inayoonyesha *tarehe* uliyofungua Kata. Bila hiyo siku 30 huwezi kuzithibitisha.

Nenda ukiwa tayari kusuluhishwa kweli. Wazee wa kata wanamjua muuzaji na wanawajua ndugu zake, na jambo la kodi au la hati iliyo benki linaweza kuishia hapo. Mkiafikiana, andikeni yote, msaini wote. Kama wakati huo unaona dalili nyumba inauzwa, na hati haina zuio lako, mwone wakili siku hiyohiyo kuhusu zuio la dharura la Mahakama Kuu.

## Hatua ya 8: Shauri lenyewe

Mlango upi? Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikiliza madai ya kupata nyumba au ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, na madai mengine yanayopimika kwa fedha yasiyozidi milioni 200. Juu ya hapo ni Mahakama Kuu, na Dodoma ina kanda yake, hivyo huna haja ya kusafiri. Kama unadai fedha tu, muulize wakili kwanza, kwa sababu hayo yanaweza kuwa madai ya mkataba yanayostahili mahakama za kawaida. Ukikosea mlango shauri linafutwa na unaanza upya.

Muda. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo. Usiukaribie, mashahidi huhama.

Ombi. Andika kwa Kiswahili, lugha ambayo sasa ndiyo ya mahakama kisheria. Simulia kwa tarehe, aya fupi zenye namba. Malizia na nafuu unazoomba: utekelezaji wa mkataba, au, ikishindikana, marejesho na fidia, na gharama. Hapa, tofauti na kwenye notisi, kuomba la pili kama mbadala ni halali na ni busara.

Pamoja na ombi, peleka maombi ya zuio la muda ili nyumba isiuzwe shauri likiendelea. Vigezo vitatu vinavyotumika vinatoka kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969: kuwe na hoja nzito ya kuamuliwa, utapata hasara isiyofidika kirahisi usipolindwa, na madhara ya kukunyima zuio yawe makubwa kuliko ya kukupa. Kiapo chako kijibu vyote vitatu, kimoja baada ya kingine. Kusema tu "naomba zuio kwa sababu ni haki yangu" hakutoshi.

Barazani utaulizwa salio liko wapi. Toa taarifa ya akaunti, na sema uko tayari kuliweka chini ya baraza likiagizwa. Nimesoma maamuzi ambayo mnunuzi alikuwa na mkataba mzuri akaanguka kwenye swali hili tu.

Huna uwezo wa wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka watoa huduma wanaosajiliwa, na wasaidizi wa kisheria wapo ngazi ya jamii. Ulizia ofisi ya ustawi au maendeleo ya jamii ya halmashauri yako wakuelekeze kwa waliosajiliwa.

Ukishindwa, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Omba nakala ya hukumu siku inaposomwa.

## Hatua ya 9: Baada ya kushinda au kupatana

Mkipatana njiani, msiishie kupeana mikono. Andikeni hati ya maridhiano na muombe irekodiwe na baraza iwe tuzo, yaani amri rasmi ya baraza. Akigeuka mara ya pili, unakwenda kukaza hukumu (kuomba itekelezwe kwa nguvu ya sheria) moja kwa moja bila kufungua kesi mpya.

Ukishinda nyumba na bado akakataa kusaini, mahakama inaweza kuagiza ofisa wake asaini badala yake. Kisha uhamisho unakwenda kama kawaida: fomu za ardhi za uhamisho Na. 29, 30 na 35, kodi ya ongezeko la mtaji, na ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao kwa milioni 85 ni shilingi 850,000. Ushuru huu wa mwisho ni wako mnunuzi, uuweke kwenye bajeti.

Salio lilipwe kupitia benki au kama tuzo ilivyoelekeza, kwa jina lililo kwenye tuzo. Asije mtoto wa muuzaji jioni akakuambia, "Baba kasema zipitie kwangu." Ondoa zuio lako kwa Msajili siku uhamisho unapopelekwa, na uombe upekuzi wa mwisho kuona jina lililosajiliwa ni lako.